Kabla hujanunua ile saa ya 1963 ya Tianjin

Haipiti muda mrefu bila mtu kunitumia picha ya saa ile ile: uso wa rangi ya maziwa, nyota nyekundu chini ya 12, vidude viwili vya kuhesabia kushoto na kulia, mkanda wa kitambaa wa kijani. Swali nalo ni lile lile: "Fundi, hii ni mali au ni feki?"

Ni mali. Na kwa mtu anayetaka kronografu (saa yenye kipima muda ndani yake) ya kutia ufunguo bila kuuza kiwanja, sijui saa nyingine ya kumwelekeza. Ila ziko nyingi sokoni zenye sura moja, na hazikupita mikono ile ile.

Kisa chake kinaanzia 1961, serikali ya China ilipokitaka kiwanda cha saa cha Tianjin kiunde kronografu ya marubani wa jeshi la anga. Hakikuwa kiwanda kichanga, maana saa ya kwanza ya mkono ya Kichina ilitoka hapohapo mwaka 1955. Lakini kronografu ni kazi nyingine kabisa: ni saa iliyobeba mgongoni mtambo wa pili wa kupimia muda, unaoanza, kusimama na kurudi sifuri kwa vitufe viwili vya pembeni. Basi Tianjin wakanunua kwa kampuni ya Uswisi iitwayo Venus mitambo ya kutengenezea mashine yake ya ndani ya saa, Venus 175, iliyojulikana sokoni tangu miaka ya 1940. Venus wenyewe walikuwa wanahamia kwenye mashine za gharama nafuu zaidi. Tianjin wakaipa yao jina la ST3, na kazi nzima ikaitwa Mradi 304. Mwaka 1963 ni wa saa za majaribio. Zile za marubani wenyewe, takriban 1,400, zilifuata miaka michache baadaye.

Hizi zinazouzwa leo zilianza kuonekana miaka ya 2000, na ndani yake mna ST1901, kizazi cha ST3 hiyohiyo. Hilo ndilo linalonifanya niipende. Matoleo mengi ya kurudiwa hurudisha sura tu. Kampuni ya saa ya Bulova inauza toleo la saa aliyoivaa mwanaanga David Scott mwezini mwaka 1971, baada ya kioo cha saa yake ya Omega kubanduka. Ya Scott ilikuwa ya kutia ufunguo, ya dukani ni ya betri. Ni saa nzuri, lakini ukiifungua humkuti Scott. Omega wao waliirudisha mashine yao ya zamani, 321, mwaka 2019, na bei ya saa yake ya chuma iliyotoka 2020 ikapita dola 14,000. Ya Tianjin kwa kawaida huipata kwa dola mia mbili hadi mia nne, kabla ya usafiri na ushuru.

Ukipata yenye kioo mgongoni, tafuta kigurudumu chenye vinguzo vilivyosimama wima kama ngome ndogo. Hilo ndilo gurudumu la nguzo, na ndiyo roho ya mtambo wa kupimia muda. Bonyeza kitufe cha juu: gurudumu linapiga hatua moja, ncha ya wenzo iliyokuwa imeegemea nguzo inatumbukia kwenye mwanya, na wenzo unasogeza kigurudumu chembamba cha meno hadi kishikane na kile cha katikati. Mshale wa sekunde unaondoka. Bonyeza tena, ncha inapanda nguzo, meno yanaachana. Kronografu nyingi za bei nafuu zilizokuja baadaye hutumia kipande bapa kilichokatwa badala ya nguzo. Kinafanya kazi vilevile, lakini kidole kinajua tofauti: kitufe cha gurudumu la nguzo kinakubali kwa mkato safi, bila kukusukuma.

Sasa, ukubwa. Nunua ya milimita 38. Kuna ya 40 na ya 42, na wauzaji hupenda kukuambia kubwa ndiyo inayoonekana mkononi. Mashine ni ileile ya milimita 31 hivi, na nafasi ya vile vidude viwili haihami hata kasha likinenepa. Kwa hiyo kwenye 42 utaviona vimesongamana katikati, kama macho yaliyokaribiana mno usoni, na pembeni kumebaki uwanja mtupu. Ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona.

Kioo nacho kuna cha akriliki, yaani plastiki ngumu, na cha yakuti, kigumu kisichokwaruzika kirahisi. Mimi nachukua akriliki: ina ule mbinuko wa saa za zamani, na mikwaruzo yake unaisugua ikaondoka. Kama huvui saa hata ukiwa gereji, chukua yakuti.

Linaloumiza watu ni ufungaji, yaani kuiweka mashine kwenye kasha. Mashine hii inauzwa kwa wafungaji wengi, kila mmoja na kasha lake, uso wake na uangalifu wake, au ukosefu wake. Nimefungua zilizokaa vizuri kabisa, na nimefungua yenye skrubu iliyolegea ya daraja (kipande kinachoshika magurudumu) na uzi wa kitambaa chini ya uso. Kwa hiyo usimwulize muuzaji kama ni orijino. Atakwambia ndiyo, naye hatakuwa amesema uongo. Mwulize kama inakaguliwa na kurekebishwa mwendo kabla ya kutumwa, na ikirudi ni nani anayeitengeneza. Anayejibu kwa kukutumia picha nyingine za uso, mwache.

Ikifika, itie ufunguo mpaka ikatae, kisha ianzishe. Mshale ukiruka kidogo mwanzoni usishtuke, ni meno yanatafutana. Iache ihesabu. Kila sekunde 60 zikitimia, mshale mdogo wa upande wa kulia usogee dakika moja kamili, usibaki katikati ya mistari. Isimamishe, irudishe sifuri, rudia mara kadhaa. Mshale mwekundu wa sekunde utue palepale kila mara. Ukitua pembeni kidogo lakini mahali pamoja, umewekwa vibaya tu, fundi ataurekebisha. Ukitua leo hapa kesho pale, irudishe ulikoinunua bila mjadala. Sikiliza pia kwa programu ya simu ya kupimia mwendo: mashine hii inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde.

Maji ipe heshima. Hata muuzaji akiandika mita 30, hiyo ni ya mvua ya njiani na kunawa mikono, si ya kuogelea, na usibonyeze vitufe vikiwa vimelowa. Kwa sisi wa pwani, jasho linatosha kuwa adui. Ule mkanda wa kitambaa ufue mara kwa mara.

Jambo la mwisho ulifanye kabla ya kulipa: tafuta fundi. Mafundi wengi wa Dar, Mombasa au Nairobi wanaishi kwa kubadilisha betri na mikanda, na anayekubali kufungua kronografu bila kusita si lazima awe anaijua. Mwulize amewahi kusafisha ipi, na vipuri atavitoa wapi. Akikwambia mashine hii ya ST1901 huagizwa nzima kwa bei isiyozidi sana ile ya usafishaji, usimwone mvivu. Huyo anajua hesabu zake.