Kusoma Tetemeko Sekunde kwa Sekunde

Ardhi ikitikisika, wananchi hutuuliza kwanza ukubwa wake. Tetemeko la Kisomoro, karibu na Fort Portal magharibi mwa Uganda, la Februari 5, 1994 lilikuwa la 6.2. Lakini namba hiyo pekee haimwambii mhandisi kwa nini nyumba moja ilianguka na ya jirani ikabaki imesimama. Inabidi asome rekodi yenyewe ya mtikisiko.

Katika rekodi, mawimbi ya P hutangulia, yakitikisa harakaharaka. Ya S hufuata kwa nguvu zaidi, kisha huja yale yanayopita juujuu ya ardhi, mapana na ya polepole. Hesabu ya kale ya Mfaransa Joseph Fourier hutaja mitikiso yote iliyomo na nguvu ya kila mmoja, ila haisemi upi ulifika lini. Ni sawa na kuambiwa ngoma zote zilizopigwa harusini bila kujua ipi ilianza na ipi ilikesha.

Hesabu nyingine, ya weivuleti, huziba pengo hilo. Jean Morlet, mwanajiofizikia Mfaransa, aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akichambua mitetemo ya kutafutia mafuta, kazi ambayo ndugu zetu wa Bunyoro, eneo la mafuta la Uganda, sasa wanaifahamu. Weivuleti ni wimbi fupi, linazuka na kufifia. Tunalipitisha juu ya rekodi yote, tukilibana ili kunasa mitikiso ya haraka na kulinyoosha ili kunasa ya polepole. Panapolingana, jibu huwa kubwa. Tunapata ramani ya rangi inayoonyesha kila mtikiso ulianza lini na ulidumu kwa muda gani.

Muda huo ndio unaonishughulisha. Kila jengo huyumba kwa mwendo wake: kwa makadirio, sekunde 0.1 kwa kila ghorofa, hivyo la ghorofa kumi huenda na kurudi kwa sekunde moja hivi. Mtikiso wa mwendo huohuo ukipita mara moja, jengo linaweza kustahimili. Ukirudia na kurudia, kuyumba huongezeka. Udongo laini wa mabonde yenye kinamasi, kama yaliyo kati ya vilima vya Kampala, unaweza kukuza mitikiso ya polepole na kuirefusha. Na mitikiso hiyo inaweza kutoka mbali: tetemeko la Bukoba, Tanzania, la Septemba 10, 2016, la 5.9, lilisikika hadi Kampala.

Kwa hiyo tunahitaji vipimo mabondeni pia, si juu ya mwamba tu. Ukikuta kisanduku cha vipimo na paneli yake ya sola uani kwa shule au zahanati, usikiguse. Hata kukisogeza kidogo huharibu rekodi.