Udongo wa kichanga penye mvua haba: chimba kabla ya kuulaumu

Siku tatu baada ya mvua ndogo, tuseme ya milimita 10, chukua jembe uende shambani. Anza na udongo wa mfinyanzi. Utaukuta umeanza kupasuka juu, na unyevu mwingi umeshakwenda na jua. Kisha hamia kwenye shamba la kichanga. Juu pakavu, mchanga unachoma nyayo. Fukua sentimita saba au nane, na kiganja kitagusa ubaridi. Nimefanya zoezi hili na wakulima mara nyingi, na karibu kila mara kuna anayeingiza mkono mara ya pili ahakikishe, maana sote tumelelewa na imani kwamba kichanga hakishiki maji.

Ni kweli, hakishiki mengi. Punje ya mchanga ina upana wa kuanzia milimita 0.05 hadi 2, ilhali chembe ya mfinyanzi haifiki 0.002. Punje kubwa huacha nafasi kubwa kati yake, na maji hupenya humo kwenda chini. Kina cha mita moja ya mchanga humwekea mmea akiba ya maji ya takriban milimita 50 hadi 80 tu. Udongo wa tifutifu wenye mfinyanzi unaweza kuweka 150 na zaidi.

Penye mvua nyingi hiyo ni hasara. Penye mvua haba hesabu hugeuka, kwa sababu huko kinachomaliza maji kuliko vyote ni jua. Mvua ndogo ikinyesha kwenye mfinyanzi hulowesha sentimita chache za juu, palepale jua linapoyafikia maji kwa urahisi. Ikinyesha kwa nguvu, sehemu kubwa hutiririka ikaenda zake. Kwenye mchanga maji hayohayo huzama zaidi. Tabaka la juu likishakauka, vinyweleo vyake ni vipana mno kuweza kuyapandisha maji tena, hivyo huwa kifuniko. Isitoshe, mfinyanzi hung'ang'ania sehemu ya maji yake kwa nguvu inayoushinda mzizi. Mchanga huyaachia karibu yote.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kwa nini mazao yake ya kichangani yamedumaa, siulizi kwanza kuhusu mvua. Nauliza amelisha nini udongo.

Virutubisho hushikwa na mfinyanzi pamoja na mboji, na kichanga kina uhaba wa vyote viwili. Mboji mara nyingi haifiki asilimia 1, na joto huiozesha upesi. Mmea wenye njaa hutoa mizizi michache na mifupi, na maji yanaupita hivihivi yakienda chini. Katika Saheli, hasa Nijeri, utafiti kwenye mashamba ya uwele umeonyesha kwamba mara nyingi uhaba wa fosforasi na nitrojeni ndio unaobana mavuno, hata kuliko mvua yenyewe. Njia iliyosambazwa kwa wakulima huko ni ya kiasi kidogo mno: gramu 2 za mbolea ya DAP (yenye nitrojeni na fosforasi) au gramu 6 za NPK (yenye hizo mbili pamoja na potasiamu) kwa kila shimo la mbegu. Naipenda njia hii kwa sababu inaendana na tabia ya mchanga. Mchanga hauna ghala, basi usiupelekee gunia zima kwa siku moja. Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili, baada ya palizi na wakati udongo una unyevu. Samadi nayo iweke shimoni badala ya kuitawanya shamba zima, na uirudie kila msimu, kwa kuwa ya mwaka jana imeshaliwa na joto.

Angalia pia tindikali. Urea hutindikisha udongo, na kichanga hakina kinga ya kutosha dhidi ya mabadiliko hayo. Lakini usikimbilie chokaa kwa kukisia. Ikizidi kidogo tu, zinki huadimika kwa mmea. Pima kwanza.

Mazao yanayokubali hali hii yapo: uwele, kunde, njugumawe, ufuta, muhogo, tikitimaji. Mimi huwa nasimama zaidi kwenye karanga. Ua lake likishachavushwa hushusha kijiti kinachotoboa ardhi ili ganda likue humo, na udongo uliolegea hukipitisha bila taabu. Wakati wa kuvuna unang'oa shina na karanga zinakuja zikiwa safi. Jambo linalosahauliwa ni kalsiamu. Ganda huinyonya lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka, kwa hiyo kichanga kikikosa kalsiamu unapata maganda matupu hata kama majani yalistawi. Jasi, madini yenye kalsiamu, ikiwekwa karibu na mashina wakati wa kutoa maua huziba pengo hilo.

Upepo unanitia hofu kuliko ukame. Punje ndogo za mchanga hurukaruka juu ya ardhi tupu, hukata miche na kuifukia, na huondoka na ile mboji kidogo uliyonayo. Kwa hiyo naomba sana: mabua yasichomwe, na mifugo isiachiwe yote. Yaliyolala shambani hupunguza kasi ya upepo chini kabisa, penye madhara. Miti nayo husaidia, hasa Faidherbia albida, ambao hupukutisha majani msimu wa mvua, ukaacha mwanga kwa mazao na kuyaongezea lishe, kisha ukachipua kiangazi.

Unayemwagilia, ujue maji ya matone kwenye mchanga hushuka wima bila kusambaa sana pembeni. Matundu yakae karibu, sentimita 20 hadi 30, na maji yatolewe kidogo kidogo, mara nyingi. Badilisha mazao pia, maana minyoo fundo, vijinyoo vinavyoshambulia mizizi na kuifanya ivimbe mafundo, hustawi sana katika udongo huu, na nyanya baada ya nyanya ni kuwaandalia karamu. Muda wa kumwagilia usiupange kwa kutazama uso wa ardhi. Saa moja baada ya kufunga maji, chimba kando ya mche hadi uone unyevu unapoishia. Ukikuta umeipita mizizi, kesho punguza dakika na uongeze awamu.