"Yuko Marekani, hana shida": Marekani ipi?

Hesabu hii wengi tumeipiga. Binamu kapata kazi Marekani, analipwa dola 17 kwa saa. Zidisha kwa saa nane, zidisha kwa siku 22: karibu dola 3,000 kwa mwezi. Geuza ziwe shilingi za Kitanzania, zinapita milioni saba, na kiwanja cha Kibaha tunakiona hiki hapa. Kuzidisha tumezidisha sawasawa. Ila hatukumuuliza anaishi wapi. Tuyapitie basi tunayozoea kuyasema kuhusu Marekani, moja moja.

"Kima cha chini cha mshahara ni kimoja nchi nzima." Cha shirikisho, yaani cha serikali kuu, kipo: dola 7.25 kwa saa, na hakijaongezwa tangu Julai 2009. Majimbo na miji inaruhusiwa kupanda juu ya hapo. Seattle mwaka 2025 ilikuwa dola 20.76, wakati Mississippi haina hata sheria yake ya kima cha chini, inafuata hiyo 7.25. Mhudumu wa mgahawa Texas anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango cha tangu 1991, kingine kikitoka kwenye bakshishi za wateja. Bakshishi zisipofika 7.25, mwajiri anatakiwa kufidia.

"Mwenye mshahara mkubwa ni tajiri." Mwaka 2018, familia ya watu wanne San Francisco yenye dola 117,400 kwa mwaka ilihesabiwa na wizara ya nyumba ya shirikisho kuwa ya kipato cha chini. Miaka mitano baadaye, kipato cha kaya ya katikati kwa nchi nzima kilikuwa bado dola 80,610. Kodi ya nyumba ndiyo inayokula tofauti hiyo.

"Maskini wa kule ni Weusi wa mijini." Kwa asilimia, ni kweli kwamba Weusi na wenyeji asilia wanaumia zaidi. Kwa idadi ya vichwa, kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa maskini ni Wazungu. Nenda McDowell, kaunti ya milimani West Virginia yenye Wazungu wengi. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 99,000, wakiishi kwa makaa ya mawe. Mashine zikaingia migodini, viwanda vya chuma vikapunguza ununuzi, vijana wakahama. Sensa ya 2020 ilikuta watu 19,111. Vocha za kwanza za chakula za mpango wa majaribio wa Rais Kennedy, Mei 1961, zilipokelewa na familia ya kaunti hiyo hiyo, kwa hiyo shida yao si ya jana.

"Maji na choo kila nyumba inavyo." Hapa ndipo watu wanaponibishia sana. Katika ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji asilia, inayoenea majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, karibu theluthi moja ya kaya hazina maji ya bomba. Watu huyafuata kwa pikapu zenye mapipa, mwendo mrefu, kama tunavyojua sisi. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mkataba wa 1868 kati ya Wanavajo na serikali hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji. Jackson, mji mkuu wa Mississippi, mtambo wa maji ulikwama Agosti 2022, na watu zaidi ya 150,000 wakapanga foleni za maji ya chupa. Kaunti ya Lowndes, Alabama, udongo wa mfinyanzi haunyonyi, mfumo wa kawaida wa majitaka unafeli, na unaofaa ni ghali. Basi kwenye baadhi ya nyumba kinyesi hutiririka kwa bomba hadi uani. Na barabara ya maandamano ya Selma hadi Montgomery ya 1965, ya kudai haki ya Weusi kupiga kura, inakatiza kaunti hiyo!

"Ukikwama, serikali inakubeba." Inategemea umekwamia upande gani wa mpaka wa jimbo. Bima ya afya ya wenye kipato kidogo, Medicaid, inaendeshwa na kila jimbo kwa masharti yake. Mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu, mwenye ujira mdogo, akiwa El Paso, Texas, hapati. Raia mwenzake mwenye kipato kile kile akiishi New Mexico, dakika chache kwa gari, anapata.