Schengen si Ulaya, shemeji

Shemeji yangu ametuma mpango wa safari kwenye kundi la familia. Siku 21, gari la kukodi, watu wanne. Watashukia Frankfurt, wapite Luxembourg na Paris, wakatize Uswisi, washuke Italia, wafuate pwani ya Croatia, wachungulie Mostar na Kotor, halafu wageuze kurudi Ujerumani kupanda ndege. Ramani kaichora kwa kalamu nyekundu, na chini kaandika: "Mipaka hamna, tuna viza ya Ulaya."

Watu wakamshangilia. Mimi nilikaa kimya, maana kwa shemeji mtu huchagua maneno. Lakini ni mara ya tatu mwezi huu nasikia hiyo "viza ya Ulaya", na wiki iliyopita kuna aliyeniuliza Schengen ni nchi ya ngapi kwa ukubwa. Basi tuseme.

Schengen ni eneo la nchi 29 zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka iliyo baina yao, na kuulinda mpaka wa nje kwa kanuni moja. Viza ya muda mfupi ikitolewa na mojawapo, kwa kawaida hutumika katika zote, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Maana ni hiyo tu. Kinachoniudhi ni jina, kwa sababu lingejulikana lilikotoka, nusu ya haya makosa yasingekuwapo.

Schengen ni kijiji. Kipo Luxembourg, ukingoni mwa mto Moselle, na watu wake wanajulikana kwa mashamba ya mizabibu. Ng'ambo ya mto ni Perl, Ujerumani. Ukishika njia ya kusini, mara umeingia Apach, Ufaransa. Nchi tatu zinakutana hapo, na zinakutana majini, kwa kuwa kipande hicho cha Moselle Luxembourg na Ujerumani wanakimiliki kwa pamoja.

Na habari yenyewe ilianza na madereva wa malori. Mwanzoni mwa 1984 madereva waliochoshwa na foleni za forodha walifunga barabara za mipakani Ufaransa. Aliyewahi kukesha Malaba au Tunduma akisubiri karatasi zigongwe muhuri hahitaji kuelezwa hasira hiyo. Julai mwaka huohuo Ufaransa na Ujerumani Magharibi wakatia saini makubaliano mjini Saarbrücken ya kulegeza ukaguzi baina yao. Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, ambao kwao walikuwa wamelegeza zamani, wakajiunga na mazungumzo. Tarehe 14 Juni 1985 wawakilishi wa nchi hizo tano walipanda meli ya watalii iitwayo Princesse Marie-Astrid, iliyokuwa imetia nanga hapo kijijini, wakasaini humo. Wala hawakuwa marais. Waliotumwa walikuwa mawaziri wadogo na makatibu, kwa maana wakubwa hawakudhani kuna jambo kubwa linafanyika.

Mkataba ule wa kwanza una kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Dereva raia wa Jumuiya ya Ulaya, iliyotangulia Umoja wa Ulaya, aliruhusiwa kubandika kwenye kioo cha mbele duara la kijani lenye kipenyo cha sentimita 8 au zaidi, kuonyesha kwamba yeye na abiria wake wako sawasawa na masharti ya mpakani. Afisa angelitazama gari likipita polepole, akaliacha. Kwa hiyo Schengen ilianza kama kibandiko cha kioo cha gari. Safari ya gari ndiyo iliyoizaa, si safari ya ndege.

Sasa hesabu miaka. Meli ilikuwa 1985. Mipaka ilifunguliwa kweli tarehe 26 Machi 1995, kwa nchi saba, baada ya Uhispania na Ureno kuongezeka. Umoja wa Ulaya kwa jina hilo ulianza Novemba 1993. Na ile Jumuiya ya Ulaya iliyokuwapo 1985 ilikuwa na wanachama kumi, watano tu ndio waliopanda meli. Makubaliano yalifanywa nje ya Jumuiya, na hayakuingizwa ndani ya sheria za Umoja hadi Mkataba wa Amsterdam ulipoanza kazi 1999. Ni mambo mawili yaliyozaliwa mbalimbali na kuoana baadaye. Anayesema Schengen na Umoja wa Ulaya ni kitu kimoja anachanganya bibi na bwana.

Ndiyo maana hesabu zao hazilingani. Umoja wa Ulaya una nchi 27, na 25 kati ya hizo ziko Schengen. Ireland haimo, kwa sababu ina mpango wake wa usafiri na Uingereza. Cyprus nayo bado. Upande wa pili, Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo Schengen bila kuwa katika Umoja. Euro ni duara la tatu kabisa: Denmark na Uswidi ziko katika yote mawili na bado zinatumia krona. Wala haya si mageni kwetu. Ile viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya lakini haimo katika viza hiyo, na hakuna anayeshangaa.

Turudi kwa shemeji. Nilimwomba faraghani picha ya kibandiko chake cha viza. Kaomba ubalozi wa Ujerumani kwa sababu siku nyingi zaidi atalala huko kwa dada yake, na hapo hakukosea: unaomba nchi utakayokaa siku nyingi, zikilingana unaomba ile utakayoingilia. Muda wa kukaa, siku 30. Vizuri. Lakini kwenye kisanduku cha idadi ya kuingia kuna 01. Hakuna MULT, yaani kuingia mara nyingi.

Hiyo 01 ndiyo inayoukata ule mstari mwekundu. Mostar iko Bosnia, Kotor iko Montenegro, na zote ziko Ulaya kama Paris ilivyo Ulaya, ila haziko Schengen. Kila moja ina masharti yake ya kuingia. Akivuka kutoka Croatia atakuwa ametoka Schengen, na mfumo mpya wa kielektroniki ulioanza kutumika Oktoba 2025 umeundwa kuandika kila kutoka na kila kuingia. Kurudi kupanda ndege Frankfurt kungekuwa kuingia mara ya pili. Tangu hapo alichonacho ni viza kweli, viza ya yai.

Mtego huu zamani ulikuwa mbaya zaidi. Pwani ya Croatia inakatwa na kipande kidogo cha Bosnia pale Neum, kwa hiyo kwenda Dubrovnik kwa barabara kutoka Split ilibidi utoke nchini na uingie tena. Daraja la Pelješac lilipofunguliwa Julai 2022, gari likapata njia ya kupita juu ya bahari bila kugusa Bosnia, na miezi michache baadaye, Januari 2023, Croatia yenyewe ikaingia Schengen. Mtego mwingine ni Andorra, katikati ya Ufaransa na Uhispania. Haina uwanja wa ndege, haidai viza yake, lakini iko nje. Unapanda kununua manukato, unashuka huna ruhusa ya kurudi.

Na "mipaka hamna" nayo tuilegeze. Mipaka ipo, kilichoondolewa ni ukaguzi wa kawaida, na nchi inaweza kuurudisha kwa muda. Ujerumani imefanya hivyo kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Pasipoti ikae karibu na dereva, isizikwe kwenye begi chini ya mablanketi.

Kwa hiyo nilimwandikia hivi: Shemeji, hongera kwa mpango. Uite tu viza ya Schengen, ya kuingia mara moja. Mstari uishie Dubrovnik, upitie Pelješac kwenda na kurudi. Mostar na Kotor uziweke akiba hadi utakapopata MULT.

Akajibu baada ya robo saa: "Kumbe! Basi na Uswisi naifuta, nimeona haiko Umoja wa Ulaya."

Hapana, shemeji, Uswisi iache. Iko Schengen. Ila forodha yake ni yake, kwa hiyo nyama isizidi kilo moja kwa kila mtu, la sivyo utalipa ushuru, na kwa barabara zao kuu utanunua kibandiko cha faranga 40.