Diploma ya kubadili fani Uingereza: wenye shahada nyingine wajue nini kabla ya kulipa ada ya sheria

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, dawati letu la ushauri kwa wanafunzi kutoka Afrika Mashariki hupokea swali moja kwa sura nyingi. Anayeuliza leo ni mhasibu aliyeko Leicester, kesho ni muuguzi aliyeko Reading, keshokutwa ni mwalimu aliyeko Mwanza. "Nina digrii tayari. Nimeambiwa Uingereza kuna kozi ya mwaka mmoja ya kubadili fani kuwa mwanasheria. Nikimaliza si narudi Dar naapishwa uwakili?"

Hapana, huapishwi. Tumelijibu swali hili kwa simu, kwa barua pepe na ana kwa ana, lakini malalamiko dhidi ya mawakala wa vyuo yanazidi kuja, na wengi wa wanaolalamika wameshalipa. Ndiyo maana tumeamua kulieleza hadharani.

Kwanza niseme wazi kwamba kozi yenyewe ipo na ni halali. Kwa miaka mingi iliitwa GDL, na sasa vyuo vingi vinaiita PGDL, yaani diploma ya uzamili ya sheria. Humchukua mtu mwenye shahada ya fani yoyote, iwe historia, famasia au uhandisi, na kumfundisha kwa mwaka mmoja, au miwili akisoma kwa muda wa ziada, misingi saba ya sheria ya England na Wales: jinai, mikataba, madhara, ardhi, usawa na udhamini, katiba na utawala, pamoja na sheria ya Umoja wa Ulaya. Mzigo ni mzito. Mwanafunzi wa LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, hupewa miaka mitatu kuyatafuna mambo hayo, wewe unapewa miezi tisa au kumi. Tumewaona wahandisi wakifanya vizuri kuliko waliotarajiwa, kwa sababu wamezoea kufuata hoja hatua kwa hatua bila kuruka.

Uangalie vizuri ni sheria ya wapi: England na Wales. Hata Scotland, ambayo ni sehemu ya Uingereza hiyohiyo, ina mfumo wake, na mwenye shahada nyingine huko husoma LLB ya haraka ya miaka miwili. Ikiwa diploma hii haivuki mpaka wa Scotland, sielewi kwa nini mtu aamini itavuka bahari hadi Kivukoni, Dar es Salaam.

Imani hiyo, hata hivyo, haikutoka hewani. Kabla ya 1961 hapakuwa na kitivo cha sheria Tanganyika, Kenya wala Uganda. Kijana aliyetaka uwakili alikwenda London, akajiunga na mojawapo ya zile Inn nne, yaani vyama vya kale vya mawakili wa mahakamani, akahudhuria chakula cha jioni idadi ya mara zilizotakiwa, akafanya mitihani, akarudi nyumbani na joho. Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, alipitia Gray's Inn. Wazee wetu waliiona njia hiyo ikifanya kazi, wakatusimulia, na wengi tumebaki na picha hiyo.

Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na Lord Denning, iliyochunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ilieleza kasoro ya njia ile. Inn zilimwandaa mtu kwa kazi ya mahakama za England, ambako wakili wa mahakamani hagusi kazi ya kuandaa hati za ardhi wala kupokea fedha za mteja. Akirudi kwao alikuta wakili mmoja anafanya yote, tena katika nchi yenye sheria za mila ambazo London hakuna aliyemfundisha. Oktoba ya mwaka huohuo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kenya School of Law ikafuata mwaka 1963. Tangu hapo mlango wa uwakili wa Afrika Mashariki uko Afrika Mashariki.

Na mlango huo una kufuli linaloitwa shahada ya kwanza ya sheria. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ambayo wengi huiita Law School, hudahili mwenye LLB kutoka chuo kinachotambuliwa, na shahada ya nje hupitia kwanza tathmini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kenya School of Law nayo inadai LLB. Diploma ya kubadili fani ikiambatana na shahada ya uhasibu haiwi LLB, hata ukiibandika kwenye fremu moja. Ni kweli Sheria ya Mawakili ya Tanzania, Sura ya 341, ina utaratibu wake kwa mtu aliyekwisha kuandikishwa kuwa wakili nje ya nchi. Huyo ni wakili kamili, aliyemaliza mitihani na mazoezi yote ya huko. Mwenye diploma tu hayumo.

Kwa hiyo mtu akikaa mbele yetu, tunaanza kwa kumuuliza atafanyia kazi wapi. Akijibu England au Wales, tunaendelea.

Anayebaki England ana njia mbili, na mabadiliko ya hivi karibuni yamezitenganisha zaidi. Ya kwanza ni ya solisita, yaani wakili anayekaa na mteja ofisini, anayeandaa mikataba, mirathi na mauzo ya nyumba. Tangu Septemba 2021 mamlaka ya Solicitors Regulation Authority, SRA, imeanzisha mtihani mmoja wa kitaifa, SQE. Ukiwa na shahada ya fani yoyote, au sifa iliyo sawa nayo, huhitaji diploma ya kubadili fani ili kuufanya. Wapo wanaoisoma habari hii wakarukia kitabu cha maswali moja kwa moja. Sheria haikulazimishi kusoma diploma, lakini ushauri wetu ni kwamba asiyewahi kusoma kesi hata moja asiufikie mtihani huu bila darasa la maana. Hata makampuni makubwa ya mawakili ya London bado huwapeleka waajiriwa wao wasiosoma sheria kwenye diploma hiyo kabla ya SQE.

Sehemu ya kwanza, SQE1, ina karatasi mbili za maswali 180 kila moja, jumla 360, na kila swali lina majibu matano unayochagua moja. Sehemu ya pili, SQE2, ina kazi 16: 12 za kuandika na 4 za mdomo, zikiwamo kumhoji mteja na kutetea hoja mbele ya hakimu wa mtihani. Ada za sehemu zote mbili zinazidi pauni 4,500, bila kuhesabu kozi ya maandalizi. Unaruhusiwa kujaribu kila mtihani mara tatu ndani ya miaka sita, na hesabu ya miaka hiyo huanza siku ya mtihani wako wa kwanza. Ukifeli mara tatu, unasubiri miaka sita iishe ndipo uanze upya, na ulichofaulu awali hakibebwi. Narudia kwa sababu linawapata watu: ukienda kufanya mtihani "kuonja tu", umeshatumia nafasi moja kati ya tatu na saa imeanza kukimbia. Usiende kuonja.

Kisha kuna mazoezi ya kazi ya miaka miwili, au muda unaolingana kwa kazi za nusu siku. Yanaweza kukusanywa katika ofisi zisizozidi nne, na hata kazi ya kujitolea katika kituo cha msaada wa sheria inahesabika ikiwa ulifanya kazi za kisheria kweli. Kazi iliyofanyika nje ya Uingereza, Arusha au Mombasa kwa mfano, haikataliwi kwa sababu ya mahali. Sharti ni kwamba ithibitishwe na solisita wa England na Wales, au ofisa wa uzingatiaji wa sheria wa ofisi iliyosajiliwa na SRA. Wengi hukwama hapa. Wakili wako wa Arusha anaweza kuwa mwalimu bora kuliko wote, lakini sahihi yake peke yake haitoshi. Anayethibitisha ni lazima awe ameikagua kazi yako na kupata maoni ya aliyekusimamia. Tafuta mtu huyo kabla hujaanza kazi, na weka daftari la kila wiki la ulichofanya, lisilotaja majina ya wateja.

Njia ya pili ni ya wakili wa mahakamani, mwenye wigi na joho. Hapa diploma ya kubadili fani bado ni ya lazima kwa asiye na LLB. Bar Standards Board, mdhibiti wa mawakili wa mahakamani, inataka shahada yako iwe angalau ya daraja la pili la chini, na diploma juu yake. Baada ya hapo unajiunga na Inn mojawapo (Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple), unasoma kozi ya Bar, yaani mafunzo ya kitaalamu ya uwakili wa mahakamani, kisha unafanya miezi 12 ya mafunzo chini ya wakili mzoefu. Shahada na diploma yako hubaki zikitambuliwa kwa miaka mitano. Ukichelewa zaidi ya hapo kabla ya kuanza kozi ya Bar, huenda ukalazimika kuomba upya zitambuliwe. Nafasi za ile miezi 12 ni chache mno kulinganisha na waombaji, na ndipo wengi wanapoishia. Bila mafunzo hayo unaweza kuitwa Bar, yaani kupewa cheo hicho rasmi, na kupigwa picha na familia, lakini huruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu.

Njia zote mbili zina uchunguzi wa tabia na uadilifu. Utaulizwa kuhusu hatia za jinai, madeni uliyoshindwa kuyalipa, na udanganyifu wowote wa kitaaluma, hata ule wa kunakili kazi ya mwenzio chuoni. Mwombaji mmoja alituuliza kama aifiche adhabu ndogo aliyopewa miaka kumi iliyopita. Kosa la zamani mara nyingi linasameheka ukilieleza mwenyewe. Ukilificha likagundulika, linageuka kuwa kosa jipya la uongo, na hilo ndilo linalowafungia watu mlango. Ukiwa na wasiwasi, SRA ina utaratibu wa tathmini ya mapema. Utumie kabla ya kulipa ada kubwa.

Jambo linalotuumiza zaidi ni la jamii yetu wenyewe. Mtu akipata diploma hii, kesho yake jamaa wanampigia: "Kaka, nijazie fomu ya viza," "Dada, niandikie rufaa ya Home Office," yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza. Anakubali kwa nia njema, baadaye anaanza kupokea chochote. Nyumbani tungemwita kishoka. Hapa Uingereza ni kosa la jinai. Chini ya Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999, kutoa ushauri au huduma za uhamiaji kama shughuli, hata isiyo ya faida, bila usajili au msamaha unaotambulika, kunaweza kukupeleka jela hadi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Msimamizi wake ni Immigration Advice Authority, iliyojulikana kama OISC hadi mwaka 2025. Kujiita solisita bila kuwa solisita ni kosa chini ya Sheria ya Masolisita ya 1974, na kuendesha kesi kwa niaba ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Kisheria ya 2007. Diploma haikupi idhini yoyote kati ya hizo. Na usisahau lile swali la uadilifu: kijana anayewajazia watu fomu kwa pauni 50 anaweza kuwa anaiuza leseni yake kabla hajaipata.

Sasa kwa anayepanga kurudi. Anachohitaji ni LLB. Vipo vyuo vya Uingereza vinavyompa mwenye shahada nyingine LLB ya miaka miwili, kikiwamo SOAS cha London, na Chuo Kikuu cha London kina LLB ya masafa yenye njia ya wahitimu. Kabla ya kuchagua, mwandikie mdhibiti wa nyumbani, TCU kwa Tanzania au Baraza la Elimu ya Sheria kwa Kenya, utaje jina la chuo, jina la shahada na idadi ya miaka, na usubiri jibu la maandishi. Jibu la simu halitakusaidia miaka mitatu baadaye. Na kwa uaminifu kabisa: kwa wengi wanaotuuliza wakiwa Mwanza au Kisumu, njia ya bei nafuu na ya hakika ni kuomba LLB katika chuo cha nchini wakiwa na ile shahada yao ya kwanza mkononi. Sheria ya ardhi watakayoisoma itakuwa ile watakayoitumia.

LLM nayo siyo njia. Tunaulizwa hili kila wiki, na kila wiki tunajibu vilevile. Ni shahada ya uzamili, inaweza kukufaa kwenye benki, kodi au mashirika ya haki za binadamu, lakini haikufanyi wakili England, Tanzania wala Kenya ikiwa huna msingi uliotangulia. Wakala anayekwambia vinginevyo mwombe aandike na atie sahihi. Uzoefu wetu ni kwamba haandiki.

Anayetaka tumwangalizie faili kabla ya kulipa alete cheti na matokeo kamili ya shahada yake, tathmini ya ulinganifu kutoka UK ENIC, taasisi inayolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza, kama shahada si ya Uingereza, barua ya chuo inayotaja jina kamili la kozi, na karatasi moja aliyoandika kwa mkono wake inayosema atafanyia kazi nchi gani na kwa kazi ipi. Aliyekwisha kulipa kupitia wakala alete pia risiti na ujumbe wote wa simu walioandikiana, hata ule anaouonea aibu. Bila huo hatuna cha kuanzia kuulizia marejesho ya fedha zake.