Je, wajua kwa nini kompyuta nzima huanza kutambaa ikipewa mfumo mpya?

Jumapili usiku laptopu yangu ilikuwa nzima. Sisemi ilikuwa na mbio. Ni ya mtumba, mojawapo ya zile zinazoletwa kutoka Uingereza ofisi za huko zikishazichoka, lakini kazi ya mwalimu ilikuwa ikiifanya bila kulalamika: mtihani wa muhula, alama za wanafunzi, barua mbili tatu za wazazi. Usiku huo ikaniuliza kama ningependa toleo jipya la mfumo wake. Bando lilikuwapo, stima ilikuwapo. Nikabonyeza ndiyo, nikalala.

Asubuhi niliiwasha, nikachemsha chai, nikainywa, na bado ilikuwa ikinikaribisha. Faili ya mtihani ilichukua dakika nzima kufunguka. Kitufe ninachokitumia kila siku kilikuwa kimehamishwa. Printa ya shule, ambayo haikuwahi kunisumbua tangu niripoti pale, sasa ilikuwa haitambuliki kabisa, utadhani imeletwa jana. Saa nane nikapanda matatu pale Ahero, laptopu mapajani, nikashuka Kondele, mjini Kisumu, kwa fundi wangu.

Fundi hakugusa kibodi. Aliinama, akaweka sikio upande mmoja wa mashine, pale kiganja hulala ukiandika, kisha akanisogezea. "Mwalimu, hebu sikiza." Nikasikiliza. Krr. Krr-krr. Krr. Kama kuku anayeparura nyuma ya jikoni.

"Hii haijakwama," akasema. "Inatafuta."

Neno hilo moja lina zaidi ya nusu ya jibu. Mfumo endeshi, kwa asiyeujua kwa jina, ni ile programu kubwa inayoamka kwanza na kuzitawala nyingine zote: ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayofungua faili, inayoongea na skrini na printa. Windows ni mfumo endeshi, na Android ya simu yako vilevile. Ukiubadilisha ni kama nyumba imepata mwenyewe mpya. Wapangaji ni wale wale, kuta ni zile zile, lakini huyu mpya ana mambo yake.

Na jambo lake la kwanza ni kuuliza maswali mengi kwa wakati mmoja. Laptopu za zamani huhifadhi faili kwenye diski ya sahani. Sahani hiyo huzunguka, kwa laptopu nyingi, mara 5400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Piga hesabu: mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 11. Mfumo ukitaka kipande cha faili, mkono husogea hadi mahali pake, kisha husubiri sahani izunguke mpaka kipande hicho kipite chini yake. Ukijumlisha kusogea na kusubiri unapata milisekunde 15 hadi 20 kwa ombi moja. Yaani kwa sekunde nzima diski inajibu maombi 50 au 60 hivi, ikiwa yametawanyika huku na huko. Ile krr-krr ni mkono ukikimbia.

Mfumo wa zamani ulijua adabu ya kuuliza kidogo kidogo. Mpya ukishawaka tu, kuna sehemu inayopanga orodha ya faili zako zote ili utafutaji uwe wa haraka, kuna antivirasi inayokagua, kuna inayoulizia masasisho, kuna inayoleta hali ya hewa ambayo hukuiomba (Ahero ni joto, najua bila kuambiwa). Kila moja inatuma maelfu ya maombi madogo madogo. Diski yenye uwezo wa maombi 60 kwa sekunde ikipewa elfu tano, wewe na faili yako ya mtihani mko mwisho wa foleni.

Sasa weka mashine hiyo kando ya ile anayotumia mtu aliyeutengeneza mfumo. Yake ina SSD, kifaa cha kuhifadhia kisicho na sahani wala mkono, chipu tupu, kinachojibu maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Kwake maombi yale elfu tano yanaisha kabla hajakaa vizuri kitini. Hana nia mbaya. Hasikii krr-krr, basi, na kitu usichokisikia hukitengenezi.

Kisha kuna suala la RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu zinazotumika hukaa. Nenda Kibuye siku ya soko umwangalie mama mwenye meza ndogo na stoo iliyo ng'ambo ya barabara. Mteja akitaka kilicho mezani, anahudumiwa papo hapo. Akitaka kilicho stoo, mama anakimbia, na ili apate nafasi ya kukiweka lazima arudishe kingine. Meza ikizidiwa, mama anashinda mbio kutwa nzima na mauzo hakuna. RAM ndiyo meza, diski ndiyo stoo. Mfumo mpya huja na mizigo yake mwenyewe na kuipanga mezani kwanza. Programu zako zinagawana ukingo uliobaki.

Mizigo hiyo imekua kwa kasi ya kushangaza. Windows XP, iliyotoka 2001, ilikubali kukaa kwenye mashine yenye RAM ya megabaiti 64. Vista, iliyofuata Januari 2007, ilidai 512 kama kiwango cha chini. Windows 11 ya mwaka 2021 inadai gigabaiti 4, mara 64 ya zile za XP, na barua ya mzazi bado ni ukurasa mmoja. Niklaus Wirth, yule Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alikwisha kuliona hilo 1995: programu hupungua kasi upesi kuliko mashine zinavyoongeza kasi.

Hilo neno "kiwango cha chini" ningependa tulikamate vizuri, maana ndilo linalotudanganya. Maana yake ni kwamba mfumo utawaka. Haimaanishi utaweza kufanya kazi. Ushahidi mzuri uko kwenye historia ya Vista yenyewe. Mwaka 2006, kabla haijatoka, kompyuta madukani Marekani zilibandikwa kibandiko kilichosema kwamba zinaiweza Vista. Nyingi ziliiweza ile ya hali ya chini tu, isiyo na ule urembo wa madirisha kama kioo uliotangazwa kila mahali, kwa sababu chipu zao za picha zilikuwa dhaifu. Wanunuzi wakaenda mahakamani. Katika kesi hiyo zikatolewa barua pepe za ndani, na mmoja wa wakubwa wa Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, Mike Nash, alikuwa amelalamika kwamba laptopu aliyoinunua kwa dola 2,100 sasa inafaa kusomea barua pepe tu. Mkubwa wa kampuni! Mahakama baadaye iliwaondolea walalamikaji haki ya kushtaki kama kundi moja, lakini barua zilikuwa zimeshasomwa.

Ajabu ni yaliyofuata. Oktoba 2009 ikatoka Windows 7, na watu waliokuwa wakiitukana Vista wakaipokea kwa vigelegele. Ukiifungua ndani, Vista inajitambulisha kama toleo 6.0, na Windows 7 kama 6.1. Injini ni ile ile, imepigwa msasa. Kiwango cha chini cha RAM hakikushuka. Kilichobadilika zaidi ni dunia iliyoizunguka: miaka karibu mitatu ilikuwa imepita, kompyuta mpya zilikuwa na nguvu, na watengenezaji wa vifaa walikuwa wameandika draiva.

Draiva ndiyo iliyoniangusha kwa printa. Ni programu ndogo inayosimama kama mkalimani kati ya mfumo na kifaa. Mfumo unasema "chapa ukurasa huu", draiva inaigeuza amri hiyo kuwa lugha ambayo printa ile, ya aina ile, inaielewa. Mfumo mpya ukibadilisha namna ya kuongea, mkalimani wa zamani anabaki kinywa wazi. Na kwa kawaida anayepaswa kumfundisha upya si mwenye mfumo, ni kampuni iliyotengeneza printa. Kampuni hiyo ilishakuuzia printa miaka mingi iliyopita. Kukuandikia draiva mpya bure ni gharama kwake. Kukuuzia printa nyingine ni faida. Sihitaji kuchora.

Hayo ni ya mashine. Kuna la binadamu pia, nalo si dogo. Ukitumia kitu kila siku, mkono unakijua kuliko kichwa. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012 ilikuja bila kile kitufe cha Start kilichokuwa pembeni kushoto tangu Windows 95. Waliobuni walikuwa wanawaza skrini za kuguswa kwa kidole. Watu walio wengi walikuwa na kipanya. Mwaka mmoja baadaye, katika 8.1, kitufe kikarudishwa. Wala usidhani ni sisi tu tusiojua kompyuta ndio tunaolalama. Mwaka 2011 GNOME, moja ya sura maarufu za Linux (mfumo endeshi mwingine, wa bure), ilipobadilishwa kabisa, Linus Torvalds, mtu aliyeianzisha Linux yenyewe, aliikasirikia hadharani akahamia Xfce, sura nyingine isiyo na madoido.

Unaweza kuuliza: hawajaribu kwanza? Wanajaribu, na wana maelfu ya watu wa kujitolea wanaopewa matoleo mapema. Ila kusikia ni jambo moja, na kusikiliza ni jingine. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft walitoa sasisho kubwa la Windows 10. Siku nne baadaye wakalisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu walikuta hati na picha zao zimefutwa. Tatizo liliwapata waliokuwa wamehamishia folda ya hati mahali pengine kwenye diski; sasisho liliiona folda ya awali kuwa takataka likaifagia, hata kama bado ilikuwa na vitu ndani. Walikuwapo wajaribu waliokuwa wameripoti kabla. Ripoti zao zilikuwa na kura chache, zikazama chini ya rundo. Sasisho lilirudi Novemba 13, likiwa limerekebishwa. Huo ndio mwaka niliojifunza kuweka nakala ya alama za wanafunzi kwenye fuleshi, japo mimi halikunigusa.

Kwa hapa kwetu, mambo yamechukua sura nyingine tena. Windows 11 haiulizi tu RAM. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha 8 kwenda mbele, ambazo zilianza kutoka 2017. Laptopu nyingi za mtumba zilizojaa madukani Kisumu ni za kabla ya hapo. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025: haifi, inaendelea kuwaka, lakini bila mpango wa nyongeza haipati tena viraka vya usalama. Mafundi wanajua njia za kuipenyeza 11 kwenye mashine isiyokubaliwa, na wateja wanawaomba. Kwa maoni yangu ni kununua maumivu, hasa kama ndani bado kuna diski ya sahani.

Tukirudi Kondele. Fundi aliniuliza nimeiacha ikiwaka kwa saa ngapi mfululizo tangu niipandishe. Hata moja, nikasema, nilikuwa naizima kwa hasira. Akacheka. Kumbe siku za mwanzo mfumo mpya hufanya kazi nyingi za mara moja, kama ile orodha ya faili, na ukiuzima katikati unaendelea pale pale utakapouwasha. Mashine nyingine hupata nafuu zikiachwa usiku mmoja na chaji.

"Lakini yako," akasema, "tusidanganyane." Akamgeukia kijana wake: "Omera, leta bisibisi ile ndogo." Wakafungua tumbo la laptopu, wakaichomoa diski, kipande cha chuma kizito kama simu ya zamani, wakakiweka mezani. Mahali pake wakaweka SSD nyepesi kama kadi, wakanakili kila kitu kutoka ile hadi hii. Ilichukua hadi jioni. Ilipowashwa niliinua mkono kuangalia saa, na kabla sijaushusha ilikuwa tayari inaniomba neno la siri. Nikaweka sikio pale pale pa mwanzo. Kimya.

Printa ndiyo ilishindikana. Fundi alitafuta draiva yake kila pembe ya intaneti. Kampuni iliachana nayo zamani. Iko ofisini hadi leo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pamewekwa kopo la chaki. Siku za mtihani nabeba fuleshi hadi kwa mama mmoja mwenye saiba pale Ahero, ambaye kompyuta yake bado ina mfumo wa zamani na printa yake inatii. Nimemweleza habari za viraka vya usalama mara mbili. Ananisikiliza kwa heshima zote. Kisha ule ujumbe wa toleo jipya unatokea kwenye skrini, na bila kukatiza mazungumzo anapeleka kipanya kulia, anabonyeza "nikumbushe baadaye", na kuniuliza: "Mwalimu, nakala ngapi?"