Nyumba ya Lamu huanzia kwenye boriti

Wiki iliyopita nilishinda katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, tepu ya kupimia mkononi, nikikagua dari kabla hatujaanza kazi. Kijana aliyekuwa akinishikia ngazi aliniuliza swali ninaloulizwa na karibu kila anayeingia nyumba hizi: "Dada, hii ni nyumba ya Kiarabu au ya Kihindi?" Nikamwambia ashike ncha ya tepu tupime upana wa vyumba. Cha kwanza mita 2.6. Cha pili 2.5. Cha tatu 2.6 tena. Urefu ulitofautiana sana, kimoja kilipita mita 8, lakini upana ulikuwa ule ule.

Jibu langu lilikuwa hapo. Upana wa chumba cha Lamu haukuja na jahazi la mtu. Umetoka mikokoni. Wakataji wa visiwani hugawa miti ya mikoko kwa unene wake na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Boriti ndiyo inayobeba dari. Ukizilaza juu ya kuta mbili, ukapanga vibapa vya mawe juu yake na kushindilia zege ya chokaa, zitabeba mzigo huo vizazi kwa vizazi, mradi nafasi kati ya kuta isifike mita 3. Ukipita hapo mti hupinda. Kwa hiyo mwashi akitaka chumba kikubwa hukirefusha, hakipanui. Nyumba nzima inakuwa vyumba vyembamba na virefu vilivyolala kimoja nyuma ya kingine, kuta zake nene kama mkono mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu habari za nyumba zetu husimuliwa mno kama hesabu ya wageni: mlango wa Mhindi, nakshi ya Mwarabu, sahani ya Mchina. Kila kimoja ni kweli. Lakini ukivihesabu hivyo, Mswahili anatoweka katika nyumba yake mwenyewe. Mimi nimefanya kazi ya kuhifadhi nyumba hizi tangu nilipomaliza masomo, na kadiri ninavyobandua lipu ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mwenyeji alikuwa na ramani yake tayari, na kila kilichovuka bahari kilipewa mahali ndani ya ramani hiyo.

Na ramani hiyo ni ya zamani. Nenda Gedi, karibu na Malindi, ambako kuna kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nyumba za pale hazina mapaa tena, lakini simama katikati ya kuta zake utaona vyumba vile vile vyembamba na ua ule ule wa mbele. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa miaka ya 1980 walikuta msikiti wa miti wa karne ya 8, na juu yake misikiti mingine pale pale, hadi ukawa wa mawe. Watu hawakuhama kupisha mji wa mawe wa wageni. Waliujenga wao juu ya mji wao wa miti na udongo.

Sasa tuingie. Kutoka usita, yaani kichochoro ambacho upana wake ni wa punda mwenye mzigo, unapanda vidato hadi kwenye daka, ukumbi wa mbele ya mlango. Hapa pana baraza mbili za mawe, moja kila upande, na ndipo wanaume wanapokaa na kuzungumza. Ukipita mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo uliopinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike ndani hata mlango ukiachwa wazi. Kutoka hapo ni kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, ambao ndio taa ya nyumba nzima. Kisha vyumba virefu viwili, msana wa tini na msana wa yuu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Kwa Kilamu tini ni chini na yuu ni juu, na majina hayo ni ya kweli kwa miguu: kila chumba sakafu yake imeinuka kidato kuliko kilichotangulia. Unavyozidi kuingia ndivyo unavyozidi kupanda, na ndivyo watu wanaoruhusiwa wanavyopungua. Nyumba nyingi za kale zimegeuzwa kuelekea kaskazini, ambako kwetu ndiko kibla, kwa hiyo aliyekaa ndani akitazama kiwandani ameshaelekea kibla bila kugeuka.

Mgeni wa kiume hakuvuka daka bila sababu. Lakini Lamu ilikuwa bandari ya pepo. Kaskazi ilipovuma, tangu mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na hayakuweza kurudi mpaka Kusi igeuke. Mfanyabiashara aliyefika Januari alikuwa mgeni wa miezi. Utamlaza wapi, naye si mahramu? Nyumba ilitoa sabule, chumba cha mgeni, mara nyingi ghorofani, chenye ngazi yake inayoanzia karibu na daka. Alilala, alikula, aliuza na kununua, akaondoka na Kusi, na huenda hakuwahi kumwona mama wa nyumba. Nikionyeshwa sabule yenye ngazi yake huwa naona upepo umejengewa chumba.

Hapa ndipo pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Mtu kutoka mbali aliishia sabuleni, lakini alichokileta kilipita moja kwa moja hadi ndani, chumba cha mwanamke mwenye nyumba, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake: baba wa Lamu mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba ya kuolewa, kando ya ile ya mama au juu yake, na kama kiwanja kilikosekana, ng'ambo ya usita. Ndipo likaja wikio, lile daraja la chumba linalovuka usita juu ya vichwa vya wapita njia, mama na binti wakawa wanatembeleana bila kushuka njiani.

Ukuta wa nyuma wa ndani huwa umejaa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu. Ndimo vilimokaa vyombo vya kaure vya Uchina. Wengi hudhani zidaka ni pambo tu la kuonyesha utajiri. Kaa ndani saa nne asubuhi uone. Chumba hakina dirisha la nje. Nuru inatoka kiwandani, inapita misana miwili, inafika imechoka. Ukuta mtupu ungeimeza. Lakini ukuta wenye kingo mia za chokaa iliyosuguliwa, na ndani yake bakuli zenye kung'aa, unaikamata nuru ile na kuirudisha vipande vipande. Chumba kinaonekana kirefu zaidi ya kilivyo. Boriti imekinyima upana, zidaka zimekipa kina.

Katika nyumba hii ya Mkomani zidaka zilikuwa zimezibwa, pengine miaka arobaini iliyopita, ili kabati liegemee. Tulizifungua kwa patasi ndogo siku tatu. Chini ya rangi ya mafuta tulikuta ua la nakshi, upana wake kama kiganja, na katikati yake tundu dogo ambamo fundi alisimamisha bikari kuchora duara. Kando ya ua kisu kiliteleza mara moja, kikaacha mkwaruzo mfupi, naye akaugeuza kuwa jani. Nakshi hizi zilikatwa kwa mkono lipu ikiwa bado na unyevu, na aliyezikata alikuwa na saa chache kabla haijakauka. Nyumba za nakshi za namna hii ni za karne ya 18 hasa, enzi ya neema kabla ya ngome ya Lamu kujengwa, kazi iliyomalizika mwaka 1821.

Bakuli lingine la Kichina lipo mahali ambapo wageni wengi hawatazami: chini ya birika la chooni. Birika ni hodhi ya maji ya kuogea na kutawadha, na ndani yake hufugwa samaki wadogo ili wawale viluwiluwi wa mbu. Sasa, ukitaka kulisafisha birika lazima umwage maji. Samaki waende wapi? Mwashi alipachika bakuli la kaure kwenye sakafu ya birika, mdomo juu, likabaki na maji kidogo, na samaki hukusanyika humo hadi birika lijazwe tena. Chombo kilichosafiri kutoka upande wa pili wa dunia kimepewa kazi ya kulea samaki wa Lamu. Sijui mfano bora zaidi wa namna mji huu ulivyopokea vitu vya watu.

Kuna wakati ramani yenyewe ilitikiswa, na haifai kulificha hilo. Katika karne ya 19 biashara na Unguja ilipokua, ufuo ulisogezwa mbele kwa kujazwa taka na kifusi, na juu yake ikainuka safu mpya ya majengo. Nyumba za huko zinatazama baharini. Zina roshani, madirisha ya nje, maduka chini, na kwenye hizi mkono wa wafanyabiashara wa Kihindi unaonekana wazi. Nyumba ya kale ilikuwa imeipa bahari mgongo, hii mpya ikaigeuzia uso. Milango pia ilibadilika. Ya Kiswahili ya kale ina kizingiti cha juu kilichonyooka na nakshi nyingi imejazwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili. Ya mtindo wa Gujarat, huko India, ina mbao zilizogawanywa miraba midogo. Nyumba nyingi za mitaa ya nyuma zilibadili mlango tu. Nyuma ya mlango mpya, daka na tekani na misana ikabaki vile vile.

Tangu mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu upo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watu huniuliza kinachouhatarisha zaidi, na jibu langu ni mfuko wa saruji. Nalisema kwa uchungu. Mwanzoni mwa kazi yangu niliidhinisha ukuta wa choo upigwe lipu ya saruji, kwa kuwa mwenye nyumba aliitaka iishe kabla ya Maulidi na chokaa haikubali haraka. Masika mawili baadaye lipu ilivimba ikadondoka kama maganda, na hilo halikuwa baya zaidi. Jiwe la matumbawe lina chumvi na hunyonya maji ardhini. Chokaa huyaachia yatoke polepole, ukuta unapumua. Saruji huyafungia. Maji yakikosa njia ya kutoka hupanda, na yakipanda hufika pale vichwa vya boriti vilipolala ukutani. Tulipofungua dari tulikuta vichwa saba vimeoza, laini kama muhogo uliochemka, ilhali katikati ya mti bado ni mgumu wa kupindisha msumari. Boriti zilizokaa salama kwa zaidi ya karne, nikaziozesha mimi kwa miaka miwili. Tangu hapo sikubali hata kiraka cha saruji. Mawe tunayachukua Manda, chokaa tunaiachia muda wake, na mwenye haraka namwomba atafute fundi mwingine.

Katika nyumba hii ya sasa shida iliyobaki ni nyumba kati, kile chumba kidogo kilicho nyuma kabisa. Wajukuu wanataka kukigeuza bafu la wageni wa kulipia. Bibi mwenye nyumba alinishika mkono akanikalisha kwenye kidato. "Mwanangu," akaniambia, "hapa ndipo alipozaliwa mama yangu, na hapa ndipo nilipomwosha. Mimi mtaniosha wapi?" Mjukuu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni pa ndani, kidato kimoja chini yetu, akasikia yote.

Bafu tumelihamishia sabuleni, ambako mgeni alikuwa akilala siku zote. Kesho asubuhi punda wanaleta boriti kumi na moja kutoka pwani. Nimeshazipima: moja ni fupi, itakwenda nyumba kati.